Saa Haikusimamishwa na Mauti

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hisabu, na Sala na Salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha kijana mmoja alituuliza suali. Alisema kuwa kwao iko saa ya ukutani iliyosimama usiku aliokufa bibi yake, na tangu usiku ule wakubwa wa nyumba wamekataza isiguswe. Kwani, wasema wao, saa ile ilimjua mwenyewe, na atakayeitia ufunguo ataita mauti mengine. Je, jambo hili lina asili katika dini?

Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa sababu nyumbani kwetu ilikuwapo saa kama hiyo, nasi tuliiacha imesimama muda wa miaka 11. Jawabu tuliyompa kijana siku ile ilikuwa fupi. Iliyobaki twaiandika hapa, kwani sehemu yake ni ilimu na sehemu yake ni kukiri kosa.

Jawabu ya dini ni wazi. Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume s.a.w., na siku ile jua lilipatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa kufa Ibrahim. Mtume alikuwa na huzuni ya mzazi, na maneno yale yalikuwa ya kumtukuza yeye na mwanawe. Walakini hakuyanyamazia. Aliwakhutubia watu akawabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na wakiona hayo, wakimbilie Sala na dua. Basi ikiwa jua halikupatwa kwa kufa mwana wa Mtume, ni nani marehemu wetu hata magurudumu ya shaba yasimame kwa ajili yake?

Wala mtu asidhani kuwa khurafa hii ni yetu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1876, mtungaji aitwaye Henry Clay Work alitoa wimbo wa saa kubwa iliyosimama siku aliyokufa mzee mwenye saa. Wimbo ule ulienea sana, na kwa sababu yake watu wanaosema Kiingereza huziita saa za namna hii saa za babu mpaka leo. Mwanadamu ni yule yule kila mahali: apenda kuambiwa kuwa vyombo vyake vyamlilia.

Sasa tueleze khabari ya saa yetu. Ni saa ya kusimama chini, ndani ya sanduku la mti lililopita kimo cha mtu. Babu yetu aliinunua mnadani kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao Uingereza, na baada yake ikawa kwa baba yetu. Saa hizi hazina kamani. Nguvu zake ni za uzito: ndani ya sanduku hushuka polepole vyuma viwili vizito, kila kimoja chapita kilo 5, vikining'inia kwa ugwe wa utumbo uliokaushwa. Kimoja huendesha akrabu, na cha pili hugonga kengele. Nyuma yao hutembea timazi yenye urefu wa karibu mita 1, na kila mwendo wake, kwenda au kurudi, huchukua sekunde moja. Juu yake pana chuma mfano wa nanga, ambacho hulizuia na kuliachilia gurudumu lenye meno 30. Kila timazi ikienda na kurudi, jino moja hupita. Yakipita meno yote 30, dakika imetimu. Hii ndiyo siri yote ya saa, wala hamna jini ndani yake.

Vyuma vile huchukua siku 8 kufika chini. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiitia ufunguo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Hivyo aliyeiunda alimwachia mwenye nyumba siku moja ya kusahau. Baba hakuihitajia siku hiyo hata mara moja, kwa tulivyomjua.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho hakuweza kuinuka. Siku ya Ijumaa alituuliza kama saa imetiwa ufunguo, nasi tukamjibu, "Naam, baba." Wala ilikuwa haikutiwa. Tulikuwa na haraka, tukasema nafsini mwetu kuwa tutaitia tutakaporejea msikitini. Tuliporejea hali yake ilikuwa imezidi, tukasahau. Siku ya pili, Jumamosi alasiri, alifariki. Watu waliporudi makaburini mmoja wao akaitazama saa, akaona imesimama, akasema, "Subhanallah! Saa imemfuata bwana wake."

Ndugu msomaji, hapo ndipo palipo kosa letu. Sisi tulijua. Tulijua kuwa Jumamosi ile ilikuwa siku ya 8, na kuwa vyuma vilikuwa vimefika chini kwa kuwa hatukuvipandisha. Lakini maneno yale yalikuwa matamu kuyasikia, na yalitusitiri na aibu ya kumwambia mzee uwongo siku moja kabla ya kufa kwake. Tukanyamaza. Mtume s.a.w. hakunyamaza juu ya uwongo uliomtukuza mwanawe, na sisi tunaojiita wanafunzi wa Sunna yake tulinyamaza juu ya uwongo uliotusitiri. Baadaye jamaa mmoja akaleta hirizi akaifunga ndani ya sanduku, ili, kwa madai yake, mauti yasirejee. Nasi tulikuwa tukitoka kila siku kwenda kuwafundisha watu ubaya wa mahirizi, na kila siku twapita mbele ya sanduku lile.

Usiku wa suali la kijana tulirejea nyumbani tukaazimia kuitengeneza. Kwanza tulikwenda kwa ndugu yetu wa kike, kwani saa ile ni katika mirathi ya baba, na warithi ni sisi wawili tu, yeye na sisi. Kitu cha shirika hakifunguliwi ila kwa idhini ya mshirika. Tukamweleza kisa chote pamoja na ule uwongo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kaka, ya saa nilikuwa nikiyajua. Mimi ndiye niliyekuwa kitandani kwake, na sikusikia ufunguo ukizunguka. Ruhusa ya saa nimekupa. Lakini miaka 11 hukuniuliza ruhusa ya duka lililo chini ya nyumba, wala sikuona kodi yake."

Hatukuwa na la kumjibu. Mwenyezi Mungu amezigawanya fungu za mirathi Mwenyewe katika Surat An-Nisaa, wala hakuwaachia wanadamu wazigawanye. Duka lile thuluthi yake moja ni ya dada yetu, na thuluthi ya kila kodi iliyopokewa ilikuwa yake tangu siku aliyofariki baba. Hatukupata kumwambia kuwa hana haki. Tulisema tu kuwa tutafanya hisabu, kama tulivyosema kuwa tutaitia saa ufunguo tutakaporejea. Haki yake ilisimama siku ile ile iliyosimama saa, na kwa sababu ile ile.

Tukaiita hisabu na saa kwa pamoja. Ya hisabu twayaacha baina yetu na yeye, ila tutasema kuwa imeandikwa, na mashahidi wapo, na malipo yake yameanza. Ya saa tutayaeleza, kwani huenda yakamfaa mwenye saa kama hiyo.

Tulimwendea fundi mmoja mzee, wa Kihindi, wala si wa dini yetu. Na ilimu ya kazi huchukuliwa kwa mwenye kuijua. Alituambia kuwa jambo la kwanza ni kuondoa timazi na vyuma vya uzito kabla ya kusogeza sanduku. Timazi hutundikwa kwa utepe mwembamba sana wa chuma, na wengi huukata kwa kuibeba saa nzima nzima. Kisha twaitoa mashine yenyewe na kuitazama kabla ya kugusa chochote.

Tulipoitazama tuliona utandu mweusi mfano wa ulimbo umeshika katika kila tundu. Sababu yake ni sisi wenyewe: ujanani tuliwahi kuitia mafuta ya nazi, tukidhani kuwa twaitendea wema. Mafuta ya chakula huganda, na yakichanganyika na vumbi huwa kama msasa, yakala ncha za vyuma na matundu yanamozunguka. Nia yetu ilikuwa nzuri na kazi ilikuwa ya uharibifu, kwa kuwa haikutanguliwa na kujua. Ndivyo zilivyo bid'a nyingi: hazikuanzishwa na maadui wa dini, bali na wapenzi wake waliomimina yaliyokuwa jikoni bila ya kuuliza. Ama ile hirizi, uzi wake tuliukuta umesokotana na ugwe wa uzito. Lau mtu angaliitia saa ufunguo, hirizi ndiyo ingaliisimamisha.

Tulivifungua vipande kimoja kimoja, tukaandika kila kimoja kimetoka wapi. Tukaviosha barazani, penye upepo na mbali na moto, kwa mafuta mepesi yakaukayo upesi. Matundu tuliyasafisha kwa vijiti vilivyochongwa ncha, tukivizungusha mpaka kijiti kitoke cheupe. Matundu mawili yalikuwa yameliwa yakawa marefu kama yai. Hayo hatukuyagusa, fundi aliyatia vipete vipya vya shaba, kwani kila kazi ina watu wake, na kujua mpaka wa ilimu yako ni sehemu ya ilimu. Kisha tone dogo la mafuta khasa ya saa, kwa ncha ya sindano, katika kila tundu, na meno ya magurudumu yakaachwa makavu. Ya kupita kiasi hukusanya vumbi, na ugonjwa hurudi.

Tukalisimamisha sanduku kwa pimamaji, tukasikiliza mlio. Mlio wa kwenda na mlio wa kurudi lazima zilingane kama nyayo za mtu mzima. Zikiwa kama nyayo za mtu mwenye kuchechemea, saa itasimama tu, hata ingawa kila kipande ni kipya. Tukairekebisha mpaka ikalingana, na nyumba ikausikia mlio ambao haikuusikia kwa miaka 11.

Siku ya tano ikasimama. Shangazi yetu mmoja akasema, "Niliwaambieni." Tulirejea kwa fundi. Akatuuliza suali moja tu: vyuma viko wapi? Vilikuwa nusu ya njia, sawa na kile kisahani kizito kilicho chini ya timazi. Akacheka. Akatueleza kuwa chuma kinapofika hapo, ugwe wake huwa na urefu unaokaribia ule wa timazi, nacho hupenda kubembea kwa mwendo wake. Sanduku likiwa halikushikamana na ukuta, timazi hulitikisa kidogo, chuma kikapokea mtikiso ule kikaanza kubembea, na nguvu za timazi zikaibiwa mpaka ikasimama. Dawa yake ilikuwa misumari miwili ya parafujo ukutani. Tangu hapo saa haikusimama tena, na shangazi sasa ndiye anayetukumbusha Ijumaa.

Lau tungaliishia siku ile ya tano, khurafa ingalipata shahidi wa pili, na watoto wetu wangaliirithi. Mambo mengi yanayosingiziwa majini katika miji yetu hayahitaji ila mtu mmoja wa kuuliza vyuma viko wapi.

Ilibaki kuilinganisha na wakati. Chini ya kisahani cha timazi pana nati: ukikipandisha saa huenda mbio, ukikiteremsha hukawia. Fundi alituonyesha kuwa nati yetu ilikuwa imepandishwa sana tangu zamani, akatupa sababu yake. Mwaka 1672 mwanachuoni wa Kifaransa Jean Richer alichukua saa ya timazi kutoka Paris mpaka Cayenne, karibu na mstari wa ikweta, akaona yakawia dakika 2 na nusu hivi kwa siku ingawa nzima. Sababu ni kuwa nguvu ya ardhi ya kuvuta vitu chini ni dogo zaidi karibu na ikweta kuliko kule kaskazini. Na kadhalika saa iliyolinganishwa London, ikiletwa Mombasa, hukawia zaidi ya dakika 2 kwa siku, mpaka timazi ifupishwe kama milimita 3. Babu yetu alikuwa ameyafanya hayo kimya kimya, kwa kulitazama jua la hapa. Twastaajabu kwa watu walioleta vipimo vya kwingine katika maisha yao, wakashikilia kuwa vi sawa kwa kuwa vimetoka mbali; na twastaajabu vile vile kwa waliovitupa vyote kwa kuwa ni vya wageni. Mzee yule hakufanya moja katika haya mawili. Aliichukua saa akaizungusha nati.

Na jua ndilo hakimu, saa ni shahidi tu. Jambo hili lawahusu wenye kusali kwa mazoea. Katika mji wetu wa Mombasa, jua hupita katikati ya mbingu karibu saa 6 na dakika 5 mwanzo wa Novemba, na karibu saa 6 na dakika 35 katikati ya Februari. Tofauti yake ni nusu saa. Aliyejizoeza kusali Adhuhuri nyumbani kwake saa 6 na nusu mwaka mzima bila ya kutazama ratiba, katika siku za Februari ameisali kabla ya wakati wake. Na Sala kabla ya wakati haisihi. Wazee wetu wa ilimu waliyajua haya. Ibn al-Shatir alikuwa mpima nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, na mwaka 1371 aliuwekea mnara wake kipimo cha kivuli cha jua. Na Taqi al-Din, katika karne ya 16, aliandika kitabu juu ya saa za magurudumu.

Hapa twapenda kusahihisha neno moja. Husemwa katika mimbari zetu kuwa timazi ya saa iligunduliwa na Ibn Yunus wa Misri. Wanavyuoni walioitafiti khabari hii hawakuiona kuwa na asili. Aliyeitia timazi katika saa ni Mholanzi Christiaan Huygens, mwaka 1656. Ibn Yunus ni mkubwa kwa aliyoyafanya, wala hahitajii kutiwa asiyoyafanya. Sifa ya uwongo kwa wazee wetu ni ndugu ya saa iliyomfuata bwana wake.

Huenda akasema msemaji: siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, inayompa wakati mpaka sekunde na kumwadhinia; basi kuna haja gani ya kupoteza siku kwa saa kuukuu? Twamjibu kuwa kwa kujua wakati tu, simu yatosha, tena ni sahihi zaidi. Lakini simu haikuuliza kama umeitimiza ahadi ya Ijumaa. Saa ya namna hii hailindwi kwa kupendwa wala kwa kufutwa vumbi. Yataka mtu afungue mlango wake mara moja kwa wiki, azungushe ufunguo, aondoke. Akiacha, haimlaumu, husimama tu, na watu wakaanza kutunga maneno.

Basi neno letu kwa ndugu zetu ni hili. Neno islahi, ambalo twalitaja sana katika risala hizi, asili yake ni kutengeneza kilichoharibika. Wengi wetu tukiona saa imekosea huzisukuma akrabu kwa kidole, uso ukaonyesha sawa, na kesho tukasukuma tena. Hayo si islahi. Kila mmoja wetu atazame nyumbani mwake: ni haki gani iliyosimama, tangu lini, na ni maneno gani matamu yaliyowekwa mbele yake ili isiguswe. Khasa mirathi ya wanawake. Mara ngapi tumesikia dada fulani ameridhia, naye hakuulizwa? Mara ngapi kunyamaza kwake kumeitwa kusamehe?

Ama yule kijana wa darsa, tulimwambia aende kwao kwa adabu, asiwashutumu wakubwa, aombe ruhusa ya warithi wote, na atazame kwanza kama saa ya bibi yake imeishiwa na ufunguo. Alirudi wiki ya pili akatwambia kuwa ilikuwa hivyo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu, aliyeapa kwa wakati katika Kitabu chake, asitujaalie katika waliokhasirika, na atusamehe tuliyoyanyamazia. Amrehemu baba yetu, na atujaalie kuzilipa haki kabla ya kufika siku ambayo hailipwi haki kwa dirhamu wala kwa dinari. Amin.